Kiti cha Nyuma Kinachochosha: Maswali na Majibu

Maswali mengi yaliyonifikia safari hii yanahusu kiti cha nyuma, hasa kutoka kwa watu wanaosafirisha familia au abiria katika magari yaliyonunuliwa yakiwa yametumika Japani. Nimeyafupisha, na yaliyofanana nimeyajibu pamoja.

Nina Toyota Probox ninayobebea bidhaa siku za kazi na familia mwishoni mwa wiki. Kila tukienda Murang'a, wanaokaa nyuma hushuka wakilalamika mgongo na mapaja. Fundi mmoja wa Kariobangi anataka kung'oa kiti chote na kufunga cha gari jingine. Nikubali? – Msomaji, Umoja

Usikubali, ndugu yangu, angalau si kabla ya kujaribu njia iliyo rahisi na salama zaidi. Probox ya mizigo, iliyoanza kuuzwa mwaka 2002, haikuundwa ili mtu mzima akae nyuma kwa saa mbili. Kanuni za Japani za usajili wa magari madogo ya mizigo hutaka nafasi ya mzigo iwe kubwa kuliko nafasi ya abiria, na ndiyo maana kiti chake cha nyuma kimesogezwa mbele, kikafanywa chembamba na kusimamishwa wima, tena kikaweza kukunjwa ili sakafu ya buti iongezeke. Kwa hiyo wanachokilalamikia watu wako si uchakavu. Kiti kiko vile kilivyokusudiwa.

Maumivu yenyewe yana vyanzo viwili. Egemeo likiwa wima mno, nyonga huteleza mbele taratibu, kiuno kikapinda kama upinde, na uzito wote wa kifua ukashukia pale palipopinda. Sehemu ya kukalia nayo ni fupi na bapa, hivyo mapaja hubaki yakining'inia na makalio pekee ndiyo yanayobeba mwili. Ukiongeza ulaini tu, utaficha kasoro hizi kwa mwendo mfupi wa mjini, lakini ukifika Thika zitakuwa zimerudi.

Mwambie fundi aache fremu, bawaba na komeo kama zilivyo, kisha afanye kazi yake yote kwenye sponji. Katika sehemu ya kukalia, ukingo wa mbele uinuliwe kwa sentimita 2 au 3 kuliko wa nyuma, ili mapaja yapate pa kulala. Lakini nyuma ya goti ibaki nafasi ya vidole viwili au vitatu, la sivyo miguu itakufa ganzi. Katika egemeo, sponji iongezwe kidogo usawa wa kiuno na ipunguzwe usawa wa mabega. Kwa ujanja huo mabega hurudi nyuma na mtu huketi ameegemea kwa pembe inayokaribia digrii 100 hadi 110, ambayo hupunguza mzigo kwenye uti wa mgongo, ilhali chuma cha egemeo hakijasogea hata kidogo. Kuna gharama yake, nayo ni kwamba kila sentimita unayoongeza kiunoni humsogeza abiria mbele na kumpunguzia nafasi ya magoti, kwa hiyo msizidishe sentimita 2 au 3. Kabla kava haijashonwa, kikunje kiti na ukirudishe, kwa maana sponji iliyozidi unene hukifanya kisilale bapa au komeo lisijifunge vizuri.

Komeo hilo ndilo sababu yangu kubwa ya kukataa kiti cha gari jingine, ambacho fundi atalazimika kukichomelea. Katika gari la aina hii, egemeo la nyuma ndilo ukuta kati ya abiria na mzigo. Ukigongana na gari jingine, gunia lililo kwenye buti husukuma mbele kwa nguvu inayozidi uzito wake mara nyingi. Kiti cha kiwandani kimefungwa mahali palipoimarishwa kwa ajili hiyo, wakati kile cha kuchomelewa huwa kimeshikwa na bati la sakafu tu.

Fundi mmoja ameniambia nilete godoro kuukuu alikate, mwingine anasema ninunue sponji mpya iliyo ngumu. Nitajuaje sponji nzuri? – Msomaji, Githurai

Wengi huchanganya mambo mawili. Ugumu ni vile sponji inavyohisi ukiibonyeza leo, lakini uzito wake kwa ujazo ndio unaoeleza itadumu kwa muda gani. Ipo sponji nyepesi iliyotengenezwa ngumu, ambayo humpendeza mnunuzi dukani na baada ya miezi michache ikawa imezama katikati. Kwa kiti cha gari, tafuta iliyo na uzito wa kilo 40 au zaidi kwa kila mita ya ujazo.

Huhitaji kuamini maneno ya muuzaji. Kata kipande cha sentimita 10 kwa 10 kwa 10, ukipime kwenye mizani ndogo ya jikoni. Ujazo huo ni lita moja, kwa hiyo idadi ya gramu utakayoisoma ndiyo idadi ya kilo kwa mita ya ujazo. Kipande cha gramu 18 ni sponji ya uzito wa 18, hata kama mwenye duka anaapa ni ya magari. Muuzaji anayekataza kipimo hiki amekwisha kukujibu.

Godoro kuukuu liache. Sponji yake imekwisha kuchoka kwa kulaliwa, na isitoshe haikutengenezwa kwa kuzingatia moto wa ndani ya gari. Marekani, kwa mfano, ina kanuni ya usalama namba 302 inayotaka vitu vya ndani ya gari visiungue kwa kasi inayozidi milimita 102 kwa dakika, na muuzaji wa sponji mpya unaweza kumwuliza kama bidhaa yake ni ya kiwango cha namna hiyo. Mpangilio ninaoupendelea ni tabaka gumu la sentimita 5 au zaidi chini, na juu yake tabaka laini la sentimita 2 hivi. Fundi aziunganishe kwa gundi, aiache ikauke kabisa, nawe ukae juu yake kwa robo saa kabla hajaanza kushona.

Ninaendesha Toyota Aqua ya teksi. Nimeshonesha kiti cha nyuma kava nene inayofika sakafuni, na abiria wanaisifu. Siku hizi nikiwa kwenye msongamano wa Jogoo Road nasikia feni ikinguruma nyuma. Je, kuna uhusiano? – Dereva, Kayole

Uhusiano upo, na usikawie. Aqua ni gari la haibridi, yaani linaloendeshwa kwa petroli na umeme; betri yake kubwa iko chini ya kiti cha nyuma, nayo hupozwa kwa hewa inayovutwa na feni kutoka ndani ya gari kupitia tundu lenye matundu madogo, lililo kando ya kiti hicho upande wa chini. Kava yako inayofika sakafuni huenda imeliziba. Feni inaponguruma, inajaribu kuvuta hewa isiyofika, na betri inayoendeshwa ikiwa na joto kila siku hufupishiwa maisha. Bei ya betri hiyo waijua.

Kata kava ili tundu libaki wazi kabisa, kisha safisha vumbi na nyuzi zilizoingia humo, kwa sababu kitambaa kipya humwaga nyuzi nyingi. Uwakumbushe pia abiria wasiliweke begi mbele yake. Nyaya za rangi ya chungwa zilizo chini ya kiti zina umeme mkali, kwa hiyo fundi wa viti asitoboe wala kukaza skrubu yoyote upande huo.

Wenye magari ya petroli wasidhani onyo hili haliwahusu. Katika magari mengi madogo, tangi la mafuta liko chini ya kiti hichohicho cha nyuma. Honda Fit ni tofauti, kwa kuwa tangi lake liko chini ya viti vya mbele, lakini si busara kumwachia fundi mwenye mashine ya kuchomelea akisie gari lako ni la aina gani.

Mama yangu ana umri wa miaka 78 na magoti yanamsumbua. Tunataka kukiinua kiti cha nyuma kwa inchi nne ili asihangaike kukaa na kuinuka. Mnatushauri nini? – Binti yake, Donholm

Dada, inchi nne ni nyingi mno. Mkanda wa usalama hupangwa kwa kimo cha kiti cha asili, na sehemu yake ya chini inapaswa kulala juu ya mifupa ya nyonga. Mtu akikaa juu ya mto mrefu na laini, ajali ikitokea mto hubonyea, mwili hupita chini ya mkanda, na mkanda ukahamia tumboni. Kwa mwili wa mtu wa umri wa mama, jeraha hilo ni baya sana. Tena egemeo la kichwa litakuwa limeshuka hadi shingoni, na kichwa chenyewe kitakaribia paa.

Inueni kwa sentimita 3 za sponji ngumu, zisizidi. Mengine yatatatuliwa na namna ya kuingia: aketi kwanza akiwa ameligeuzia gari mgongo, kisha aingize miguu yote miwili pamoja. Kipande cha kitambaa cha kuteleza kikiwekwa chini yake kitamsaidia kugeuka, lakini kitolewe akishatulia ili asiteleze njiani. Na kwa nini akae nyuma? Katika magari mengi mlango wa mbele ni mpana zaidi na kiti chake husogezwa. Heshima ya kumketisha mzazi nyuma naielewa, ila magoti yake yatawashukuru mkimpa kiti cha mbele.

Nina matatu ya abiria 14 inayokwenda Rongai. Wanaokaa mstari wa mwisho hulia kwamba wanarushwa. Niwawekee viti vinene? – Mwenye gari, Rongai

Viti si tatizo. Wale wamekaa nyuma ya ekseli ya nyuma, na Toyota HiAce, ambayo ndiyo matatu nyingi za abiria 14, ina springi za majani (bamba za chuma zilizopangwa moja juu ya nyingine) huko nyuma, zilizoundwa kwa mzigo mzito. Pima presha ya tairi, angalia kama shokomzoba zimekufa, na kama kuna mtu aliyeongeza jani la springi ili gari lisilale, liondolewe. Usibadilishe mpangilio wala idadi ya viti kwa hiari yako, maana kanuni zilizotangazwa mwaka 2003 chini ya John Michuki, aliyekuwa waziri wa uchukuzi wa Kenya, zilidai mkanda kwa kila abiria, na gari likipelekwa kukaguliwa, viti na mikanda hutazamwa.

Kava ya ngozi bandia au ya kitambaa? – Msomaji, South B

Mahali pa kukalia na kuegemea weka kitambaa kinachopitisha hewa; ngozi bandia, hasa nyeusi, huchoma gari likishinda juani na hukusanya jasho. Pembeni na nyuma ya kiti, ambako viatu na mizigo hugusa, ngozi bandia inafaa kwa kuwa hufutika. Popote penye kibandiko kinachoonyesha kwamba kuna mfuko wa hewa wa usalama (airbag) ndani ya kiti, mshono usifunikwe. Wenye watoto wahakikishe vishikizo vya kiti cha mtoto na soketi za mikanda havijazikwa chini ya kava, kwa sababu nimeona magari ambayo soketi zimesukumwa ndani na kushonewa juu, na abiria wa nyuma hana pa kufungia mkanda.