Kabla hujalaumu NFS, uliza nani kashika kufuli

Msomaji mmoja kaniandikia wiki hii: programu yake ya mauzo iko kwenye mashine mbili za Linux, folda ni moja kwa NFS (njia ya Linux ya kutumia folda ya mashine nyingine kupitia mtandao) toleo la 3, flock (kufuli ya faili, ili mmoja tu aandike kwa wakati) ameiweka kila mahali, na bado faili linaharibika. Nikamwomba mstari wake wa fstab, faili linaloiambia Linux folda zipi iunganishe na kwa masharti gani. Mwishoni kabisa: nolock.

Najua alikoitoa. Rpc.statd, huduma inayosaidia kufuli za NFS, isipowashwa, mount (amri ya kuunganisha folda) inagoma, na ujumbe wenyewe unakutajia nolock. Folda inafunguka, mtu anaenda zake. Kumbe kuanzia hapo kila mashine inajifungia kivyake, seva haina habari. Toleo la 3 hupitisha kufuli pembeni kwa NLM, itifaki tofauti ya kufuli. Toleo la 4 limeziingiza ndani, kwa muda maalumu, kawaida sekunde 90 kwenye seva ya Linux, na mashine ikinyamaza zaidi ya hapo inaweza kunyang'anywa.

Hilo ni jepesi. Kuna stoo niliyoihudumia, wahasibu wakifungua faili la Excel kupitia Samba (programu inayoipa Windows folda za Linux kwa itifaki ya SMB) huku skripti niliyoikuta pale ikiandika faili hilohilo kwa NFS. Bosi akasema mbele ya watu kwamba "Linux yenu ya bure" inamtia hasara. Sijasahau.

Excel ikifungua faili inaomba wengine wasiliandike. Samba inaweka zuio hilo kwenye daftari lake, locking.tdb, ambalo kerneli, kiini cha Linux, hailisomi. Anayekuja kwa NFS anapita tu, maana kufuli za Linux ni za hiari: asiyeuliza hazuiwi. Tena Windows ikipewa oplock, ruhusa ya kushikilia faili kwake, hubaki na mabadiliko, na NFS ikiandika Windows haiambiwi kitu, isipokuwa umewasha mpangilio wa Samba uitwao kernel oplocks, ambao kwa kawaida umezimwa.

Nikaihamishia skripti kwenye SMB, faili likatulia. Aliyepigiwa makofi kikaoni ni mshauri aliyekuja baadaye kukagua.

Basi vijana, folda moja, itifaki moja. Ondoeni nolock, washeni statd, au hamieni toleo la 4. SQLite, hifadhidata ya faili moja, msiiweke kwenye folda ya mtandao. Walioitengeneza wenyewe wanaonya. Na acheni kunakili amri msizozisoma, kazi za watu si uwanja wa kubahatisha!

Kupima ni rahisi: shika faili kwa flock kwenye mashine ya kwanza, halafu jaribu flock -n (isiyosubiri) kwenye ya pili. Ikikubali, huna kufuli. Ila usipimie kwenye seva yenyewe: flock ya NFS inafika pale kama kufuli ya fcntl, aina nyingine ya kufuli, na Linux haizikutanishi hizo mbili.