Unayeanza kufuatilia sera ya ajira, anza na maswali ya Geneva

Ndugu yangu unayeanza kazi hii, iwe kwenye chama cha wafanyakazi, wizarani au kwenye asasi, ukikabidhiwa faili la sera ya ajira ya nchi usianze na hotuba za uzinduzi. Anza na maswali ambayo Kamati ya Wataalamu ya Shirika la Kazi Duniani, ILO, inayokagua kutoka Geneva jinsi nchi zinavyotekeleza mikataba ya kazi, imeiuliza serikali husika.

Ofisi ya ILO ya hapa Dar es Salaam inahudumia pia Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi, kwa hiyo mafaili ya majirani utakutana nayo tu. Chukua la Uganda, iliyoridhia Mkataba namba 122 wa ILO, unaohusu sera ya ajira, mwaka 1967. Mkataba wenyewe ni wa mwaka 1964, na ni mfupi. Ibara ya 1 inadai sera ya kuleta ajira kamili, yenye tija na ambayo mtu ameichagua kwa hiari yake. Ya 2 inadai hatua zipitiwe upya mara kwa mara. Ya 3 inadai wanaoguswa washauriwe, hasa waajiri na wafanyakazi.

Hiyo ya 3 ndiyo ya kukaa nayo. Ukisoma "wadau walishirikishwa", usifungue ukurasa unaofuata kwanza. Wadau gani? Kamati huuliza pia kuhusu watu wa vijijini na wa sekta isiyo rasmi. Kwa hapa kwetu ni mama lishe wa Kariakoo, bodaboda wa Mbagala, mchuuzi wa samaki pale Feri. Nani aliwasemea kikaoni? Orodha ya mahudhurio ya semina ya hotelini hainitoshi. Mimi huomba muhtasari wa kikao, nikatafuta pendekezo lao hata moja lililobadilisha kifungu cha sera. Nikilikosa, naandika hivyo hivyo.

Kamati haitozi faini. Ni wanasheria 20 wanaokutana Geneva mwishoni mwa kila mwaka, na ripoti za serikali kuhusu mkataba huu hudaiwa kila baada ya miaka 3. Nguvu yao ni kuuliza tena. Swali likijirudia ripoti hadi ripoti, mathalani juu ya ajira za vijana na wanawake, chimba hapo. Na usipokee idadi ya waliopewa mafunzo kama jibu. Uliza wangapi walipata kazi, na wangapi bado wanayo.

Kama uko kwenye chama, usikae kusubiri. Ibara ya 23 ya Katiba ya ILO inaitaka serikali ivipe vyama vya waajiri na wafanyakazi nakala ya ripoti yake. Idai mapema, kwani maoni ya chama yanatakiwa kufika ILO kabla ya tarehe 1 Septemba. Kurasa mbili zenye takwimu, mwaka na chanzo zinatosha. Yule mchuuzi wa Feri hawezi kuiandikia Kamati peke yake. Mlango wake ni chama. Nenda ukamsikilize kabla hujaandika.