Maswali ya Wasomaji: Kioo cha Fokasi Katika Kamera za Filamu

SWALI: Mhariri, nimerithi kwa baba mdogo kamera ya Olympus OM-1 iliyokaa kabatini kwa miaka mingi. Nikichungulia naona madoa madogo meusi, na pembeni kuna kitu cha kunata kama lami. Je, madoa hayo yatatokea kwenye picha? Naweza kuyafuta kwa spiriti?
Msomaji, Kisumu

JIBU: Spiriti iweke kando kabisa, pamoja na thina na petroli. Kioo cha fokasi cha kamera yako, yaani kile kinachoonyesha taswira unapochungulia, kimetengenezwa kwa plastiki laini, kikatiwa mparuzo mwembamba unaonasa taswira na miduara ya lenzi ya Fresnel (lenzi bapa yenye miduara) inayoufikisha mwanga hadi kwenye pembe. Dawa kali huweza kuivuruga plastiki hiyo bila matumaini ya kuirudisha, na hata kitambaa safi kikisuguliwa juu yake huacha alama zisizotoka.

Picha zako ziko salama. Wakati shata, yaani pazia linalouruhusu mwanga kufika kwenye filamu, inapofunguka, kioo cha kuakisi kilicho nyuma ya lenzi kimekwisha kuinuka, na mwanga huenda moja kwa moja kwenye filamu bila kukigusa kioo cha fokasi. Vumbi hilo humkera mpiga picha peke yake, na kwa maoni yangu chembe mbili tatu si sababu ya kuigusa kamera nzima.

Kile kitu cha kunata ni jambo jingine. Yaelekea ni sponji inayopunguza kishindo cha kioo cha kuakisi kinapoinuka, ambayo baada ya miongo kadhaa huoza na kudondoka. OM-1 ina sponji nyingine juu, karibu na prizimu (kipande cha kioo kinachoigeuza taswira ili uione wima), nayo ikioza huila fedha iliyopakwa kwenye prizimu. Ili kujua lipi limekupata, ondoa lenzi, tafuta kishikizo kidogo kilicho mbele kwenye dari ya chumba cha kioo, kivute ili fremu iteremke, kisha toa kioo cha fokasi kwa kibano ukikishika kwa ulimi wake tu. Chungulia tena: doa likibaki, liko kwenye prizimu, na hiyo ni kazi ya fundi.

Likitoweka, anza na kipulizia cha mpira. Usipulize kwa mdomo, kwa kuwa mate ni vigumu kuyaondoa kuliko vumbi. Uchafu ukigoma, kitie kioo katika maji ya vuguvugu yenye tone moja la sabuni ya kuoshea vyombo, kiache dakika chache, kitikise polepole, kisha kisuuze kwa maji yaliyosafishwa, yale ya kuongezea betri yanayouzwa kwenye vituo vya mafuta. Soma chupa vizuri usije ukauziwa asidi ya betri. Fukuza matone kwa kipulizia, usipanguse, na usikikaushe kwa jua wala kwa mashine ya nywele. Mabaki ya sponji yaondolewe kabla ya kukirudisha kioo, la sivyo yatadondoka tena.

SWALI: Napiga picha za ndege katika Ziwa Nakuru kwa Nikon FM2 na lenzi ya milimita 400 yenye uwazi wa f/5.6. Nusu moja ya duara la katikati huwa nyeusi. Je, kioo kimeharibika?
Mpiga picha, Nakuru

JIBU: Hakijaharibika. Duara linalogawa taswira nusu mbili hutegemea miale inayopita kwenye kingo za lenzi, na lenzi yenye uwazi wa f/5.6 au mdogo zaidi hailipi miale ya kutosha. Jicho likihama kidogo tu, nusu moja hufifia. FM2 ilitoka kiwandani na kioo cha aina ya K chenye duara hilo, lakini unaweza kukibadilisha mwenyewe kwa kupitia tundu la lenzi. Kwa ndege ningechagua aina ya B, ambayo haina mgawanyiko katikati, au aina ya E yenye mistari ya kunyoosha upeo wa macho.

Tahadhari moja: kipimamwanga cha kamera hii husoma mwanga uliokwisha kupita kwenye kioo cha fokasi. Kioo king'avu zaidi huifanya kamera iamini kwamba nje kuna mwanga mwingi kuliko uliopo, na filamu hupata mwanga pungufu. Pima ukuta mmoja kabla na baada ya kubadilisha, mwanga usipobadilika, kisha fidia tofauti kwa gurudumu la ISO, yaani la kasi ya filamu.

SWALI: Fundi mmoja alisafisha kioo cha fokasi cha Pentax K1000 yangu. Sasa ninachokiona ni kikali, lakini picha hutoka zimefifia. Kwa nini?
Mwanafunzi, Kakamega

JIBU: Kutoka mdomo wa kamera, pale lenzi inapofungwa, hadi filamu pana milimita 45.46 kwa kamera za Pentax za aina hii, na njia ya mwanga kupitia kioo cha kuakisi hadi kwenye kioo cha fokasi sharti iwe na urefu uleule. Kioo kikirudishwa juu chini, au kipande chembamba cha kurekebisha kimo kikipotea, jicho na filamu havitakubaliana tena.

Thibitisha kabla ya kumrudia fundi. Fungua mgongo wa kamera isiyo na filamu, bandika karatasi angavu ya kuchorea ramani kwenye reli ambazo filamu huegemea, weka shata kwenye B, ambapo hubaki wazi kitufe kikishikiliwa, shikilia kitufe, na ufungue lenzi kikamilifu. Elekeza kamera kwenye mlingoti wa simu ulio mbali sana, kisha zungusha lenzi mpaka taswira kwenye karatasi iwe kali, ukitazama kwa kioo cha kukuzia. Sasa achia shata ili kioo cha kuakisi kirudi mahali pake, na uchungulie bila kugusa lenzi. Ukiona mlingoti umefifia, kioo cha fokasi au pembe ya kioo cha kuakisi ndiyo yenye kasoro. K1000 haikuundwa ili mwenyewe akibadilishe kioo hicho, kwa hiyo mpelekee fundi pamoja na maelezo haya, na umwombe afanye jaribio hilohilo mbele yako kabla ya kumlipa.