Kilo za mizigo kwenda harusini Mwanza

Dada, umeuliza familia ya watu watano mtabebaje nguo za harusi kwenda Mwanza kwa ndege bila kulipia kilo za ziada. Anza kwa kupima begi likiwa tupu. Yale magumu makubwa hula kilo 4 au 5 kabla hujatia hata khanga moja! Tumia laini. Viatu vizito vaeni safarini. Watoto pea nne za nguo zinawatosha, beseni na sabuni ya kufulia kwa mwenyeji havikosekani. Mimi huchanganya nguo za kila mtu katika kila begi. Moja likichelewa, hakuna anayekosa cha kuvaa. Pawabenki ikae begi la mkononi, kwenye mzigo wa chini hairuhusiwi. Na bakizeni kilo za kurudia, maana samaki sato mtafungiwa tu.