Mwanangu, kabla hujasaini ukocha wa besiboli Kansas

Mwanangu Idrisa,

Barua yako imefika. Sisi huku wazima. Mama yako anakusalimu na anauliza kama umeshanunua koti zito, maana Februari ya Kansas si ya kujaribia.

Umeuliza hivi: chuo cha jamii, kile cha miaka miwili, kimekupa ukocha msaidizi wa besiboli, kwa posho, chumba bwenini na chakula cha kantini. Je, uache kazi ya ofisini ukaifuate, na je, mtu anaweza kulea familia kwa kazi hiyo? Nakujibu kama mtu aliyezeekea kwenye ofisi ya michezo ya chuo, kwa hiyo usitegemee maneno matamu.

Familia inaleleka, ila si kwa ukocha peke yake. Kocha wa chuo cha jamii anayeishi vizuri, ukichunguza hati yake ya mshahara, mara nyingi utakuta analipwa kwa jambo jingine: anafundisha elimu ya viungo, au ndiye mkurugenzi wa michezo, au anasimamia bweni, au ni mshauri wa wanafunzi. Ukocha umebandikwa juu. Kule California kocha mkuu mwenye ajira ya kudumu aghalabu ni mwalimu wa chuo, na nafasi hiyo hudai shahada ya uzamili katika elimu ya viungo au fani ya jirani. Kwa hiyo usianze kuuliza posho ni dola ngapi. Uliza kama chuo kitakulipia uzamili, au angalau kitakuachia jioni za kusoma kwa mtandao. Msaidizi asiye na uzamili anaweza kubaki msaidizi mpaka mvi zimtoke, hata akiwa na jicho kali kuliko bosi wake.

Ujue pia unaingia daraja lipi. Shirikisho la vyuo vya miaka miwili, NJCAA, lina madaraja 3 ya besiboli. La kwanza linaruhusu hadi nafasi 24 za udhamini zinazogharimia ada, vitabu, chumba na chakula. La pili linaruhusu ada na vitabu, lakini malazi na chakula mchezaji anajitegemea. La tatu halina udhamini wa michezo kabisa. California wana chama chao kisichotoa udhamini huo, na vyuo vya Washington na Oregon navyo vina chama chao. Lakini 24 ni ruhusa tu, si fedha. Viko vyuo vya daraja la kwanza vyenye bajeti ya nusu ya hapo, na kocha anagawa vipande: huyu ada, yule chumba. Uliza ni nafasi ngapi zimetengewa pesa mwaka huu, usiulize kanuni inasemaje.

Sasa kazi yenyewe. Mchezaji ana misimu 2 tu, kwa hiyo kila Mei karibu nusu ya timu inaondoka, na wazuri ndio wanaotangulia. Kikosi unakijenga upya kila mwaka. Unawapata vijana wa aina tatu: aliyemaliza sekondari bila kuitwa na chuo kikuu, aliyeitwa lakini alama zake hazikutosha, na aliyekaa benchi chuo kikuu akashuka kutafuta mechi. Yupo pia anayetaka kuchaguliwa mapema na timu za kulipwa, kwenye uchaguzi wa kila mwaka ambapo timu huchagua vijana kwa zamu, raundi kwa raundi. Akijiunga na chuo kikuu cha miaka minne, kwa kawaida anasubiri mwaka wa tatu au afikishe miaka 21. Akiwa chuo cha jamii anaweza kuchaguliwa kila mwaka. Ndiyo njia aliyopita nyota Bryce Harper: akaacha sekondari mapema, akacheza College of Southern Nevada, na mwaka 2010 akachaguliwa wa kwanza kabisa. Nyota mwingine, Albert Pujols, alitoka Maple Woods, chuo cha jamii cha Kansas City, akachukuliwa raundi ya 13 mwaka 1999. Lakini usimuuzie mzazi ndoto hiyo. Zamani uchaguzi ulikuwa wa raundi 40, na tangu 2021 ni 20.

Wengi wako utawapeleka vyuo vikuu, na hapo ndipo makocha wengi huwaharibia vijana bila kujua. Kijana akiwa na krediti 24, yaani pointi za masomo aliyofaulu, na wastani wa alama wa 2.0 kati ya 4.0, NJCAA inamruhusu kucheza msimu wa pili. Kocha anaona mambo safi. Lakini NCAA, shirikisho la vyuo vikuu, katika daraja lake la kwanza linamtaka anayehamia awe na wastani wa 2.5 na krediti 12 kwa kila muhula aliosoma, zote zikiwa za kuhamishika. Katikati ya 2.0 na 2.5 ndipo wanapopotelea. Halafu kuna mtego wa krediti nyepesi: kunyanyua vyuma, mazoezi ya timu, matembezi. Kwenye hesabu ya kuhamia, NCAA inakubali krediti 2 tu za vipindi vya namna hiyo. Kocha anayemjazia mchezaji krediti 6 nyepesi ili afikishe 12 za muhula anamwokoa Machi, wakati wa msimu, na kumzika Agosti, wakati wa kuhama.

Fanya hivi: wiki ya kwanza ya Septemba chukua rekodi ya masomo ya kila mchezaji, uipitie na mshauri wa chuo, mchore pamoja mihula minne. Hesabu na Kiingereza zianze muhula wa kwanza, kwa sababu anayehitaji kwanza somo la maandalizi huchelewa muhula mzima, na somo hilo mara nyingi halihesabiwi. Kila baada ya wiki 3 watumie walimu karatasi ya maendeleo. Usingoje matokeo ya Desemba.

Kanuni za kuhama zinabadilika sana siku hizi. Desemba 2024 jaji wa Tennessee alimruhusu Diego Pavia, mchezaji wa futiboli ya Kimarekani aliyetokea chuo cha miaka miwili, aendelee kucheza chuo kikuu ingawa misimu yake ya kule ilikuwa imehesabiwa, na NCAA ikatoa ruhusa ya mwaka mmoja kwa wenzake wa hali hiyo. Kisha tangu msimu wa 2025-26 vyuo vikuu vilivyoingia makubaliano mapya ya kulipa wachezaji vina kikomo cha wachezaji 34 wa besiboli. Nafasi zikibana, kocha wa chuo kikuu humpendelea mtu mzima wa miaka 21 kuliko mtoto wa 18. Kwenu hiyo ni neema: vijana wazuri zaidi watateremka, na wenu waliokomaa watatafutwa. Ila soma kanuni upya kila Agosti, usitegemee ulichojua jana.

Kutafuta wachezaji sitakueleza sana, utajifunza njiani. Rada ya kupima kasi ya mpira na saa ya kusimamisha ndio wenzako. Mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji, akiupeleka mpira besi ya pili kwa sekunde 2.0 tangu umguse mkononi, mtazame tena. Mbio za yadi 60 chini ya sekunde 7, andika jina. Lakini tazama pia anavyofanya akikosa: akitupa gongo, ujue utaishi naye bweni moja.

Jambo linalostahili akili yako yote ni mikono ya warushaji, wale wanaomrushia mpigaji mpira. Msimu wa NJCAA unafika mechi 56 kuanzia baridi ya Februari hadi mapema Mei, na ligi nyingi hucheza mechi 2 kwa siku, mara nyingi moja ya iningi 7 na nyingine ya 9, iningi ikiwa ni kipindi ambacho kila timu hupata zamu ya kupiga. Mfululizo wa mechi 4 ni iningi 32. Weka mirusho 16 kwa iningi, unapata 512. Warushaji 4 wa kuanza, kila mmoja 85, ni 340. Inabaki 172 ya kugawia wa akiba, na mmoja wao hupaswi kumpitisha 30. Ndiyo maana timu inahitaji warushaji 16 hadi 18, na ndiyo maana kocha mwenye 11 huanza Aprili kwa kuomba Mungu.

Kosa la kawaida ni kuhesabu mirusho ya mechi tu. Mrushaji wa akiba aliyepashwa mara tatu asiingizwe amerusha 60 ambayo haiko kwenye karatasi, na kesho anaitwa "mpya". Hesabu kila mrusho wa nguvu, wa mechi na wa pembeni. Januari anza na 30, ongeza 15 kwa wiki, na usimfikishe 85 kabla ya wiki ya tano. Jihadhari na siku ya maskauti, wasaka vipaji, ya vuli: kijana anarusha kwa nguvu zote mbele ya rada kumi baada ya kiangazi chote cha mechi. Dalili za kuchoka zinaonekana kabla ya maumivu: mwendo wa mpira unashuka maili 2 au 3 kwa saa, kiwiko kinateremka, mipira inapanda juu upande wa mkono wake. Mtoe hapo hapo, hata akinung'unika. Ukano wa kiwiko ukikatika, upasuaji upo tangu 1974, lakini kupona ni miezi 12 hadi 18, na yeye kwenu ana misimu 2 tu.

Usidhani kuna mtunza uwanja. Mtunza uwanja ni wewe. Kilima cha mrushaji kina kimo cha inchi 10, na kibao anachokanyagia kiko futi 60 na inchi 6 kutoka besi ya nyumbani. Mteremko unaanza inchi 6 mbele ya kibao na kushuka inchi 1 kwa kila futi. Shimo huchimbika pale mguu wa mbele unapotua, na likiachwa mrushaji anabadilisha hatua yake, bega linalipa. Kila jioni fagia udongo uliolegea, nyunyiza maji kidogo, jaza udongo wa mfinyanzi, shindilia, funika kwa turubai. Ukijaza udongo mkavu juu ya mkavu haushikani, kesho iningi ya pili shimo limerudi. Ukipitisha wavu wa kusawazisha, simama futi 1 kabla ya majani, la sivyo mchanga unajikusanya ukingoni na kuwa tuta, na mpira ukiligonga unamrukia mtu usoni. Mvua ikinyesha usiyafagilie madimbwi kwenye majani. Kausha kwa sifongo, kisha nyunyiza unga wa udongo wa kuchoma unaonyonya maji.

Utaendesha gari pia. Gari la abiria 15 likijaa ni rahisi kupinduka, hasa mizigo ikiwa juu ya paa, na mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani imeonya hivyo kwa miaka. Pima upepo wa matairi kabla ya kila safari. Aliyesimamia mechi mbili tangu saa sita mchana asiendeshe saa nne usiku. Chuo kikikataa kulipia dereva au hoteli, hiyo ni habari muhimu kuhusu chuo.

Na kupanda? Yupo Wayne Graham, aliyeshinda ubingwa wa taifa mara 5 akiwa San Jacinto, chuo cha jamii karibu na Houston, kisha Rice University ikamchukua kwa msimu wa 1992 akiwa ameshapita miaka 50, na mwaka 2003 akaipa ubingwa wa vyuo vikuu. Lakini huyo ni mmoja. Njia ya kawaida ni msaidizi, kisha mkuu wa chuo kidogo, au msaidizi wa kutafuta wachezaji chuo kikuu. Atakayekuajiri atauliza wachezaji wako wameenda wapi, kabla hata ya kuuliza umeshinda ngapi. Fungua daftari siku ya kwanza: jina, krediti, wastani, chuo alichohamia, kama alimaliza shahada.

Ukiniuliza, ichukue kwa misimu miwili, si zaidi, na kwa masharti ya uzamili. Kabla ya kusaini pata haya kwa maandishi: posho ni ya miezi 10 au 12, bima ya afya ipo au haipo, nani anaendesha gari, na utalala wapi bweni likifungwa Mei mpaka Agosti. Hilo la mwisho wengi hulisahau, wakajikuta wanalala kwenye kochi la mchezaji wao. Mkataba ukifika nitumie picha yake kwanza, kurasa zote, hata ile ya nyuma yenye maandishi madogo.

Baba yako