Re: Kibwana alitoka wapi kabla ya ugavana?

Umeuliza kama Kivutha Kibwana, gavana wa zamani wa Makueni, alikuwa wakili kweli ama ni profesa tu aliyeangukia siasa. Yote mawili bana, alisomesha sheria Chuo Kikuu cha Nairobi hadi akawa mkuu wa kitivo, halafu 1997 akawa sauti kubwa ya NCEC, baraza la wanaharakati, wale wa kusema hakuna uchaguzi bila mabadiliko ya katiba, enzi za Moi na vitoa machozi.

2002 akaingia bunge na NARC (muungano wa vyama wa Kibaki) kama mbunge wa Makueni, Kibaki akamfanya waziri wa mazingira, 2007 akaangushwa. Wengi hapo ndo huishia, yeye akarudi 2013 kama gavana wa kwanza wa Makueni.

Muhula wa kwanza ulikuwa moto, yeye na MCA (wawakilishi wa wadi kwenye bunge la kaunti) hawaelewani, bajeti imekwama, 2014 mpaka risasi zikalia mjini Wote kwenye bunge la kaunti, watu wakasaini petisheni kaunti ivunjwe kabisa lakini 2015 Rais Uhuru Kenyatta akakataa. Mi naona hapo ndo usheria ulimsaidia, maana alifuata njia ya katiba badala ya kugawa bahasha za hongo (maoni yangu tu, msinirukie).

Kinachokumbukwa zaidi ni MakueniCare, mpango wa afya ambapo familia ilikuwa inalipa shilingi 500 kwa mwaka na kutibiwa hospitali za kaunti, na kile kiwanda cha maembe Kalamba. 2022 akajaribu useneta, akabwagwa na Dan Maanzo, ambaye pia ni wakili.