Miwani ya kuogelea ziwani: vaa, lakini usiitegemee

Je, ukiogelea ziwani uvae miwani? Jibu langu ni fupi: vaa. Ila sababu yangu si ile wanayoitaja wengi. Bwawani miwani ni ya kuonea chini. Unafuata mstari mweusi, unaona ukuta unakuja, unageuka. Ziwa Victoria halina mstari. Hapa Entebbe ukitumbukiza uso unaona kijani, mkono wako unapita, kisha kijani tena. Siku ambayo upepo umeyachafua maji, hata vidole huvioni sawasawa. Ziwani miwani ni ya kuonea juu.

Anayeogelea masafa kwenye maji ya wazi hana budi kuchungulia. Kila baada ya mikono kadhaa anainua macho tu juu ya maji, kama mamba (mtaniwia radhi, maana mamba wenyewe wapo), anatazama aendako, halafu anageuza uso pembeni na kuvuta pumzi. Ni kufumba na kufumbua. Katika muda huo uione alama yako, iwe mnara, mti mrefu au paa la bati linalong'aa, na ujue kama kuna mtumbwi wa injini unakuja upande wako. Asiyevaa miwani muda wote huo anaumalizia kwenye kupepesa. Maji yanamchuruzika kutoka kwenye nyusi, kope zimegandana, na kabla hajaona chochote uso umesharudi majini. Safari inayofuata atainua kichwa zaidi. Kichwa kikipanda, miguu inazama, na miguu ikizama anaanza kuvuta mwili mzima kwa mabega. Anachoka mapema, na bado anakwenda upogo.

Kuna wanaosema miwani ni madoido ya watu wa hotelini, kwamba muogeleaji wa kweli anafumbua macho tu. Mwaka 1926 Gertrude Ederle wa Marekani alikuwa mwanamke wa kwanza kuvuka kwa kuogelea mlango bahari wa kati ya Uingereza na Ufaransa, na alivaa miwani iliyozibwa pembeni kwa nta. Hadi leo kanuni za kuvuka pale zinakataza nguo za kutunza joto. Miwani ruksa.

Jicho lenyewe limeumbwa kuwa na hewa mbele yake. Kama theluthi mbili ya kazi ya kuukusanya mwanga hufanywa na konea, ile ngozi angavu ya mbele, kwa sababu mwanga unatoka hewani na kuingia kwenye kitu kizito zaidi. Maji yakiigusa konea, kazi hiyo inapotea karibu yote, na kila kitu kinakuwa ukungu. Miwani inairudisha ile hewa, basi. Watafiti waliwahi kuwapima watoto wa jamii ya Moken, wanaoishi kwa bahari kule Thailand, wakakuta wanaona chini ya maji mara mbili kuliko watoto wa Ulaya, kwa kubana mboni. Vijana wa mwaloni nao huniambia wanaona bila miwani. Nawaamini kiasi. Lakini ubane mboni utakavyobana, maji ya kijani ni ya kijani tu.

Kitu kingine cha kuchungulia ni nyavu. Hazionekani. Kinachoonekana ni vielea vyake, mara nyingi chupa za plastiki au kidumu cha njano, vimejipanga juu ya maji. Ukiona chupa mbili zimekaa kwa umbali na zote zinacheza pamoja na wimbi bila kusafiri, usipite katikati, zunguka. Na kabla hujaingia majini muulize mvuvi ametega wapi, na kama siku hizi kuna kiboko au mamba anayeonekana maeneo hayo. Akisita kujibu, siku hiyo ogelea kwingine.

Sasa lile ambalo miwani haisaidii hata kidogo: kichocho. Vijidudu vyake vinatoka kwenye konokono wa majini na kupenya kwenye ngozi, si kwenye macho, kwa hiyo unaweza kuvaa miwani ya bei mbaya na ukarudi nacho nyumbani. Hutoka kwa wingi zaidi jua likipanda hadi mchana, na konokono hupenda maji yaliyotulia yenye majani. Mimi huingia asubuhi mapema, mahali pa mchanga au mawe, na sichezi kwenye matete. Inapunguza hatari, haiiondoi. Ukiogelea ziwani mara kwa mara, nenda ukapimwe na umeze prazikwanteli kwa ushauri wa daktari. Usiikimbilie kesho yake, kwa sababu dawa hiyo inaua minyoo iliyokomaa, na ile michanga inahitaji wiki sita hadi nane kukomaa. Ghuba ya Murchison, kule Ggaba na Luzira, sina la kujadili. Mfereji wa Nakivubo unamwaga uchafu wa Kampala humo. Kwa miwani au bila miwani, hapana.

Kununua. Usiangalie jina, angalia uso wako. Bandika miwani machoni bila kuvuta mkanda, bonyeza kidogo, achia. Ikishikilia yenyewe kwa sekunde chache, imekukubali. Ikidondoka palepale, hakuna kukaza mkanda kutakakoizuia kuvuja, utaishia na kichwa kinachouma na duara mbili usoni hadi saa sita mchana. Wengi wetu wenye mgongo mpana wa pua tunahitaji zile ambazo kipande cha katikati kinabadilishwa. Kwa akina dada wenye misuko, chagua mkanda wa sehemu mbili, mmoja upite juu ya fundo la nywele na mwingine chini. Kisha kofia ivaliwe juu ya mkanda, siyo chini yake, wimbi lisije likaing'oa.

Rangi ya lenzi ina maana kubwa kwetu hapa karibu na ikweta. Alfajiri au siku ya mawingu unataka lenzi nyeupe au ya kijivu hafifu. Ukirudi ufukweni umelielekea jua saa moja na nusu, maji yote mbele yako ni mng'ao mtupu, na hapo lenzi nyeusi ndiyo inayokufaa. Ukiweza kununua moja tu, chukua ya kijivu hafifu.

Ukungu wa ndani ndio unaowafanya watu waivue na kuitupa. Unatokea kwa sababu uso ni wa moto na maji ya nje ni baridi. Kwa hiyo Ziwa Bunyonyi kule Kabale, kusini magharibi mwa Uganda, lililo karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ni balaa, hasa asubuhi ambapo ziwa lenyewe limefunikwa na ukungu na hujui upi ni wa lenzi na upi ni wa Kabale. Dawa ni mate. Tema ndani ya miwani kavu, sambaza kwa ncha ya ulimi au kidole chenye maji bila kusugua, suuza mara moja, vaa. Tone dogo la shampuu ya mtoto linafanya kazi vizuri zaidi ila suuza vizuri, litakuwasha. Na ukisubiri kuingia, usiipandishe kwenye paji la uso. Joto la paji linaanzisha ukungu kabla hujalowa.

Halafu jizoeze kuogelea bila hiyo miwani. Nasisitiza hapa kuliko kote. Mkanda utakatika, au mguu wa mwenzako utaipiga, na hutakuwa karibu na nchi kavu. Mahali ambapo bado unafikia chini, ivue uishike mkononi, fumba macho uso ukiwa majini, fumbua unapovuta pumzi tu. Jaribu pia kuogelea kifudifudi kichwa kikiwa juu. Ikijaa maji ukiwa mbali, usihangaike nayo ukiwa umesimama, geuka chali, elea, mwaga, bonyeza, endelea.

Wenye lenzi za kubandika jichoni, zivueni. Maji ya ziwa yana amiba wanaoweza kujificha nyuma ya lenzi na kuila konea. Zipo miwani za kuogelea zenye namba, yaani lenzi za kurekebisha uoni, tafuta hizo. Na usipige mbizi ya kwenda chini na miwani ya kuogelea: pua iko nje yake, hewa ya ndani huwezi kuiongeza, miwani inayavuta macho.

Mwisho, watoto. Mwaka 2024 ugonjwa wa macho mekundu ulipopita Uganda, tuliacha kabisa kupeana miwani na hatujarudia. Kila mtoto na yake, jina limeandikwa kwenye mkanda kwa wino usiofutika. Atakayesahau ya kwake nyumbani, siku hiyo anaogelea chali.